Geti linalojua kufunguliwa tu

Maelezo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia, na wale walioomba kuyasoma polepole.

Ndugu msikilizaji, Ijumaa ya tarehe 6 Septemba 2024, saa tatu kasoro dakika nne asubuhi, njia inayoleta umeme wa upepo kutoka Loiyangalani ilikatika kwenye kituo cha Suswa. Wakati huo ilikuwa imebeba megawati 288. Mara ikafuata njia nyingine, ile inayotuletea umeme kutoka Ethiopia, ambayo ilikuwa imebeba megawati 200. Megawati 488 zikatoweka kufumba na kufumbua, na sehemu kubwa ya Kenya ikakosa stima.

Siku zile yalisemwa mengi. Wako waliolaumu upepo, wako waliolaumu wakubwa, na wako waliouliza kwa nini tununue umeme ng'ambo ya mpaka. Lakini kuna swali moja ambalo mimi sikulisikia likiulizwa barazani wala kwenye matatu. Njia ya Ethiopia ina minara yake na nyaya zake, na umeme wake unatoka kwenye mabwawa ya nchi nyingine kabisa. Kitu pekee kilichoziunganisha njia hizo mbili ni kwamba zote zinafika Suswa. Basi kwa nini ya kwanza ilipoanguka, ya pili nayo ikaondoka?

Ili tulijibu swali hilo, hatuna budi kuelewa kilichomo ndani ya jengo la Suswa. Na habari njema ni kwamba hatuhitaji kwenda Suswa. Kitu hicho hicho, kwa umbo dogo, kimo ndani ya kabati la chuma katika viwanda vingi vya miji yetu. Ndicho kinachoendesha winchi za kuinulia mizigo, kinachochaji betri za magari ya ghalani, na kinachotoa umeme wa kupaka kromu kwenye vyuma. Mafundi hukiita rektifaya. Mkuu wa jengo la Suswa na fundi wa kiwanda cha kromu wanasumbuliwa na jambo moja.

Tuanze na msingi. Umeme unaofika nyumbani ni mkondo geu, yaani AC. Huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kwa kila sekunde. Kwa taa na pasi haidhuru. Lakini ziko kazi ambazo haziwezekani kwa mkondo unaokwenda na kurudi, na kubwa miongoni mwao ni kusafisha madini. Pale Kolwezi, kusini mwa Kongo, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni, shaba huyeyushwa kwenye asidi na kisha hurudishwa kuwa chuma safi kwa kupitishiwa umeme. Mabamba hutumbukizwa ndani ya beseni, mkondo ukapita, na shaba ikajishikiza kwenye bamba moja. Ukipitisha mkondo geu, shaba itakayoshika katika nusu ya kwanza ya wimbi itang'oka katika nusu ya pili, na mwisho wa siku huna kitu. Unahitaji mkondo mnyoofu, yaani DC, unaokwenda upande mmoja tu.

Na unauhitaji kwa wingi usio wa kawaida. Beseni moja hutaka kama volti 2 tu, pungufu ya betri ndogo mbili za tochi. Lakini ampea zake ni maelfu. Kwa ampea 20,000, beseni moja hutoa zaidi ya kilo 500 za shaba kwa siku. Mabeseni 100 yakiunganishwa kwa mfululizo hutaka volti 200 na ampea hizo hizo 20,000. Hebu linganisha na nyumba yako, ambayo fyuzi yake kuu huenda ni ya ampea 60.

Sasa, kunyoosha mkondo si jambo gumu. Kipo kifaa kinachoitwa dayodi, ambacho ni mlango wa njia moja. Umeme ukiusukuma kutoka upande huu, unafunguka. Ukisukuma kutoka upande wa pili, unagoma. Ukipanga dayodi sita kwenye umeme wa fezi tatu, utapata mkondo mnyoofu mzuri. Lakini dayodi haina akili. Hufunguka kila inaposukumwa, na kiasi cha volti inachokupa ni kile kile kilichoko barabarani. Umeme wa Shirika ukishuka, nayo inashuka. Ukipanda, inapanda. Kwa beseni la shaba hilo ni balaa, kwa sababu mkondo ukipungua uzalishaji unapungua, na mkondo ukizidi shaba inaota vichaka na miiba, inagusa bamba la pili, na hapo beseni lina shoti.

Tunahitaji mlango wenye askari. Mlango huo ndio thairista.

Fikiria geti la uwanja wa mpira siku ya mechi kubwa. Watu wamejaa nje wakisukuma. Askari ana ufunguo, na geti haliwezi kufunguka mpaka yeye atake. Akishalifungua, umati unamiminika, na hapo askari hana tena uwezo. Hawezi kulifunga huku watu wakipita. Atasubiri mpaka foleni ikatike yenyewe, ndipo geti lirudi mahali pake na ufunguo uwe na kazi tena. Thairista ni hivyo hivyo. Unaweza kuchagua lini uifungue, kwa mpigo mdogo wa umeme kwenye mguu wake mmoja. Huwezi kuchagua lini uifunge. Itajifunga tu mkondo wake utakapofika sifuri.

Naomba ulishike hilo, ndugu msikilizaji, kwa kuwa faida zote na hasara zote nitakazozitaja zinatoka hapo.

Je, foleni hukatika vipi? Katika umeme wa fezi tatu, mawimbi matatu hupokezana. Thairista ya fezi ya kwanza inapopitisha mkondo, wimbi la fezi ya pili linapanda. Askari wa fezi ya pili anapofungua geti lake, wimbi lake lililo juu zaidi huupokonya mkondo wa yule wa kwanza, na geti la kwanza linafungika. Yaani anayelifunga geti ni umeme wenyewe wa barabarani, wala si sisi. Sisi tunafungua, gridi inafunga.

Uwezo wa kuchagua saa ya kufungua unatosha kutupa udhibiti wote tunaoutaka. Chukua umeme wa viwandani wa volti 415. Ukizifungua thairista mapema kabisa, pale ambapo dayodi ingejifungua yenyewe, utapata mkondo mnyoofu wa volti 560 hivi. Ukichelewesha kwa digrii 30 utapata 485. Ukichelewesha kwa digrii 60 utapata 280, yaani nusu. Kwa digrii 90 unapata sifuri. Duru nzima ya wimbi ni digrii 360 na huchukua milisekunde 20, yaani sehemu 20 za elfu ya sekunde. Kwa hiyo digrii 60 ni milisekunde 3.3 tu. Tofauti ya nguvu zote na nusu ya nguvu ni kuchelewa kwa muda huo mdogo.

Ndani ya kabati, kazi ya askari hufanywa na bodi ya vidude vya umeme. Bodi hupima ampea zinazotoka, huzilinganisha na kiasi alichoagiza fundi, na huamua. Mkondo umepungua? Fungua mapema kidogo. Umezidi? Chelewesha. Hufanya hivyo mara 300 kwa sekunde, kwa kuwa kuna mageti sita na mawimbi 50. Jioni watu wanapowasha majiko na volti za mji zikashuka, bodi huwahisha mageti na beseni la shaba halijui kwamba kuna lililotokea. Ndiyo maana rektifaya iliyosanifiwa vizuri haiendeshwi ikiwa wazi kabisa. Huachwa na akiba, kama digrii 15 katika mitambo mikubwa ya kusafirisha umeme, ili kuwe na nafasi ya kuwahisha. Anayeendesha mtambo wake bila akiba hana rektifaya yenye udhibiti, ana dayodi za bei ghali.

Bodi hiyo lazima ijue wimbi liko wapi. Fundi akikarabati kebo na kubadilisha nyaya mbili za fezi, mota za kawaida zitazunguka kinyume na kila mtu ataona. Rektifaya yenyewe itafungua mageti kwa saa isiyo yake, fyuzi zitalipuka, na atalaumiwa aliyeiuza. Nimeona bodi nzima zikiagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, kumbe tatizo lilikuwa nyaya mbili.

Wazo la kuchelewesha geti ni la zamani kuliko thairista. Mwaka 1902 Mmarekani Peter Cooper Hewitt alitengeneza rektifaya ya mvuke wa zebaki ndani ya chupa ya kioo, na baadaye chupa hizo zikawekewa waya wa kuzuia, uliofanya kazi ya askari. Ni kwa zebaki hiyo kwamba Sweden, mwaka 1954, ilipeleka megawati 20 kwa mkondo mnyoofu chini ya bahari hadi kisiwa cha Gotland. Thairista ya silikoni ilizaliwa mwaka 1957 katika kampuni ya General Electric kule Marekani. Bara letu halikuchelewa kuitumia. Mtambo wa Cahora Bassa nchini Msumbiji ulianza kupeleka umeme Afrika Kusini kwa thairista katika miaka ya 1970, na mwaka 1982 Zaire ya wakati huo ikakamilisha njia kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndefu kuliko zote duniani.

Sasa tuje kwenye gharama, kwa sababu hakuna kinachotolewa bure.

Chukua winchi kubwa ya mota ya mkondo mnyoofu, inayotumia ampea 400. Ikiinua mzigo kwa kasi yote, rektifaya yake hutoa volti 560, yaani kilowati 224. Sasa dereva anataka kuinua mzigo ule ule polepole, kwa nusu ya kasi. Uzito haujabadilika, kwa hiyo mota bado inataka ampea 400. Lakini volti ni nusu, 280, na kazi inayofanyika ni kilowati 112 tu. Ungetarajia kwamba kiwanda sasa kinavuta nusu ya umeme barabarani. La hasha! Ampea zinazoingia kutoka barabarani ni zile zile, kama 327 kwa kila fezi, sawa na kVA 235, iwe winchi inakwenda mbio au inatambaa. Geti limecheleweshwa, kwa hiyo mkondo unafika baada ya wimbi la volti kuwa limekwisha kupita kilele chake. Umati umeingia uwanjani kwa idadi ile ile, lakini umechelewa mchezo.

Mafundi hupima uchelewaji huu kwa kitu wanachokiita pawa fakta. Kwa kasi yote, ya winchi hii ni 0.95. Kwa nusu ya kasi ni 0.48. Na hapa ndipo mwenye kiwanda anapoanza kuumia. Hapa Kenya, mteja mkubwa hulipia unit alizotumia, na pia hulipia kVA za juu alizovuta, na pawa fakta ikishuka chini ya 0.9 anaongezewa faini. Tanzania nao huwatoza wateja wakubwa kwa kVA. Kwa hiyo winchi inayotambaa inaweza kumgharimu mwenyewe kama winchi inayokimbia, wala hakuna aliyeiba umeme.

Hasara ya pili haionekani kwenye bili. Mkondo unaoingia kwenye rektifaya si wimbi laini. Huingia kwa vipande vya mraba, kama ngazi. Kipande cha mraba kina wimbi la kawaida la mara 50 kwa sekunde, na juu yake mawimbi madogo ya kasi zaidi yanayoitwa hamoniki. Kwa rektifaya ya mageti sita, la kwanza huwa la mara tano, yaani 250 kwa sekunde, na ukubwa wake ni kama asilimia 20 ya wimbi mama. Kisha la mara saba, asilimia 14, halafu la 11 na la 13. Hayabaki kiwandani mwako. Hutoka nje, yakapasha joto transfoma ya mtaa na kuzifanya mota za jirani zilie. Jirani hana rektifaya, lakini anashiriki moshi wa jiko lako.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona fedha nyingi zikiteketea. Mwenye kiwanda anapata bili yenye faini ya pawa fakta. Anaita mtu. Mtu huyo anamwambia anunue kapasita, makopo yale yanayofungwa sambamba na umeme ili kurekebisha uchelewaji. Kwa kiwanda cha mota za kawaida ushauri huo ni sahihi. Kwa kiwanda chenye rektifaya ni mtego.

Hesabu ni hii. Tuseme kiwanda kina transfoma ya kVA 1,000 yenye ukinzani wa asilimia 5. Maana yake ni kwamba shoti ikitokea mlangoni pake, itapitisha kVA 20,000. Sasa amefunga kapasita za kVA 400. Gawanya 20,000 kwa 400, unapata 50. Kipeuo cha pili cha 50 ni saba na kidogo. Nambari hiyo ndiyo sauti ambayo transfoma na kapasita zitaitikiana, kama ngoma mbili zilizowambwa kwa sauti moja, ukiipiga hii na ile inalia. Na rektifaya inapiga nini? Inapiga mara tano na mara saba! Wimbi la mara saba lililokuwa dogo linakuzwa mara nyingi, makopo yanachemka, yanavimba, mengine yanapasuka. Mwenyewe anaongeza mengine mpaka kVA 800. Sasa 20,000 kwa 800 ni 25, na kipeuo chake ni 5 kamili. Ametoka kwenye saba akaangukia kwenye tano, ambayo ni kubwa zaidi.

Dawa ipo na si siri. Kila kopo la kapasita hufungiwa koili mbele yake, iliyopimwa ili mwitikio uwe chini ya wimbi la mara tano, kwa kawaida kwenye mizunguko 189 kwa sekunde, mahali ambapo rektifaya haina wimbi. Bei inapanda, ni kweli. Lakini nambari tatu, yaani kVA ya transfoma, asilimia yake iliyoandikwa kwenye bamba lake, na kVA za kapasita unazouziwa, zinatosha kumwonyesha mwenye mali kama anauziwa dawa au moto. Muuzaji asiyeuliza nambari hizo asilipwe.

Mitambo mikubwa hutumia ujanja mwingine. Hufunga rektifaya mbili, kila moja ikilishwa na transfoma iliyosukwa kwa namna tofauti, ili mawimbi yao yapishane kwa digrii 30. Mawimbi ya mara tano na mara saba ya huyu na ya yule huuana yakikutana, na yanabaki ya 11 na 13, ambayo ni madogo. Hivyo ndivyo vituo vya mkondo mnyoofu vinavyofanya, na juu ya hayo huwekewa vichujio vinavyojaza uwanja mzima.

Turudi kwenye winchi. Nilisema kwamba kwa digrii 90 volti ni sifuri. Je, ukichelewesha zaidi, digrii 120 au 150? Volti inageuka kuwa hasi huku mkondo ukiendelea upande ule ule. Maana yake ni kwamba nguvu sasa inatoka upande wa mkondo mnyoofu na kuingia kwenye mkondo geu. Winchi inaposhusha mzigo, uzito wa mzigo unaizungusha mota, mota inakuwa jenereta, na rektifaya ile ile inarudisha umeme barabarani. Haikubadilishwa hata skrubu moja. Ni saa ya kufungua tu iliyosogezwa.

Na sasa tumefika Suswa. Njia ya Ethiopia inaanzia Wolayita Sodo. Huko mkondo geu hunyooshwa na thairista, husafiri kilomita 1,045 kwa volti laki tano juu na laki tano chini, na kufika Suswa, ambako thairista nyingine zinazofunguliwa kwa kuchelewa sana huugeuza kuwa mkondo geu wa gridi yetu. Njia ina uwezo wa megawati 2,000, na tulianza mwaka 2022 kununua 200. Upande mmoja hushika ampea, upande wa pili hushika volti, na mazungumzo kati yao hayakomi. Jambo la kuchekesha ni kwamba hata ikibeba uwezo wake wote, njia hiyo itakuwa na ampea 2,000 tu, sehemu ya kumi ya lile beseni la shaba.

Kumbuka sasa nani anayefunga mageti. Sisi tunafungua, gridi inafunga. Upande wa Sodo hilo si tatizo kubwa, kwa sababu geti linafunguliwa mapema na lina muda mrefu wa kutulia. Upande wa Suswa geti linafunguliwa karibu na mwisho. Mkondo lazima umalize kuhamia geti linalofuata, na lile la kwanza lipate kupumua, kabla wimbi halijageuka na kuanza kulisukuma tena. Nafasi inayoachwa kwa kawaida ni kama digrii 18, sawa na milisekunde moja. Milisekunde moja, ndugu msikilizaji! Volti za gridi inayopokea zikiporomoka ghafla, au wimbi likiruka kutoka mahali pake, nafasi hiyo inaliwa. Geti linakutwa halijafungika, wimbi jipya linalisukuma, nalo linaendelea kupitisha mkondo ambao ulipaswa kuwa wa jirani yake. Mkondo mnyoofu unazunguka ndani ya mtambo wenyewe na hakuna kinachofika kwenye gridi. Likitokea mara moja, bodi hulirekebisha kwa kuwahisha mageti, na wateja hawajui. Likirudiwa, mitambo ya ulinzi hukata njia.

Fundi wa winchi analijua hili vizuri. Mwulize ni lini fyuzi zake hulipuka. Atakwambia ni pale umeme wa barabarani unapokatika wakati mzigo unashuka. Kwa nini usikatike wakati mzigo unapanda? Kwa sababu ukipanda, umeme ukikatika, mkondo nao unakufa. Ukishuka, mzigo unaendelea kusukuma mkondo, na aliyekuwa akifunga mageti ameondoka.

Kwa hiyo mtambo wa aina hii hauwezi kuiokoa gridi iliyoanza kuanguka. Unaiegemea. Njia ya Ethiopia ikiwa kamba ya kutuvuta kutoka shimoni, basi sisi wenyewe lazima tuwe tumesimama imara ndipo kamba ishike. Upepo wa Loiyangalani ulipokatika palepale Suswa, gridi iliyopaswa kufunga mageti ya thairista ndiyo iliyokuwa imepigwa. Sisemi hili kumtetea yeyote. Nalisema kwa sababu nimesikia watu wazima wakidai kwamba tukiongeza megawati za Ethiopia kufika 400 au 1,000 giza litakwisha. Megawati zitaongezeka, lakini zitakuwa zote nyuma ya mlango mmoja. Kadiri mlango unavyobeba zaidi, ndivyo gridi inayoupokea inavyopaswa kuwa na nguvu zaidi, yaani mashine nzito zinazozunguka karibu nao zishikilie volti, na mitambo mingine ya akiba iliyo tayari kujaza pengo kwa sekunde chache.

Je, hakuna geti linaloweza kufungwa kwa amri? Lipo. Ni transista kubwa, inayofunguka na kufungika maelfu ya mara kwa sekunde, wala haihitaji gridi imfungie mlango. Rektifaya mpya za viwandani, na mota mpya za mkondo geu zilizochukua nafasi ya zile za zamani, zinatumia hizo, na tatizo la pawa fakta kwa kiasi kikubwa huisha. Namibia mwaka 2010 ilijenga njia ya Caprivi, kilomita 950 na megawati 300, kwa transista, kwa sababu gridi zote mbili inazoziunganisha zilikuwa dhaifu na thairista zingeteseka. Mtambo wa namna hiyo unaweza hata kuuwasha upya mji uliozimika. Lakini hupoteza nguvu zaidi kidogo ndani yake, na kwa mizigo mikubwa sana thairista bado ni nafuu na ngumu kama jiwe. Thairista moja huvumilia kupita kiasi kwa muda mfupi, jambo ambalo transista haisamehi.

Thairista za Suswa zimekwisha kufungwa na zitakuwapo kwa miaka mingi, kwa kuwa mitambo hii huhesabiwa maisha ya miaka 30 na zaidi. Mageti sita ndani ya makabati ya viwanda nayo hayatatoka kesho. Kwa hiyo vijana walioko vyuo vya ufundi leo ndio watakaovitunza. Nimewahi kukutana na kijana aliyemaliza stashahada, anayeweza kuandika programu za simu kwa kasi ya ajabu, lakini hajawahi kushika kifaa cha kupima saa ya geti wala kuona wimbi lililokatwa kwenye kioo cha mashine ya kupimia. Haihitaji maabara ya mamilioni. Thairista sita, transfoma ndogo, balbu kadhaa na bodi ya kufungulia inatosha kumwonyesha mwanafunzi mwanga ukififia kadiri pembe inavyosogea kutoka sifuri kuelekea 90. Baadaye balbu ziondolewe, iwekwe mota inayozungushwa na nyingine, na apitishe 90 aone mita ya umeme ikirudi nyuma.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza kuhusu mita zenyewe, na kwa nini baadhi yake hudanganywa na mawimbi ya mara tano.